Jibu: dira ya jahazi na diski ya kompyuta

Kaka wa Shela, umeuliza kama sumaku ya spika inayopotosha dira ya jahazi lenu ni kitu kimoja na ile ya diski ya kompyuta. Ndiyo, ni kitu kimoja. Na kuzima redio hakutasaidia: sumaku ya spika ni ya kudumu, umeme uwepo usiwepo. Isogezeni mbali. Nyaya za betri nazo zisipite karibu, maana mkondo wa umeme hugeuza sindano. Mwanafizikia wa Denmark, Ørsted, aliliona hilo mwaka 1820.

Mwaka 1925 wanafizikia Uhlenbeck na Goudsmit wakapendekeza kwamba elektroni ina spini, yaani kila moja ni kisumaku kidogo. Ndani ya chuma, spini nyingi zikielekea upande mmoja, hiyo ndiyo sumaku unayoishika.

Utamu wenyewe uko 1988. Wanafizikia Albert Fert huko Ufaransa na Peter Grünberg huko Ujerumani, kila mmoja kivyake, walipanga matabaka membamba mno ya chuma na ya metali ya kromi. Usumaku wa matabaka ya chuma ukielekea upande mmoja, umeme hupita kwa wepesi. Ukipingana, ukinzani, yaani ugumu wa umeme kupita, hupanda. Basi ukipima ukinzani, umeshaisoma sumaku! Kampuni ya kompyuta ya IBM ikaanza kuuza diski zenye vichwa vya kusomea sumaku ya diski kwa njia hiyo mwaka 1997, na Fert na Grünberg wakapata Tuzo ya Nobel ya Fizikia 2007.

Simu yako ni habari nyingine: kumbukumbu yake hutunza data kwa chaji za umeme, si kwa sumaku, kwa hiyo haisumbuliwi na sumaku ya spika. Ila nayo ina spika ndani, kwa hiyo usiilaze juu ya dira.