Mfarishi wa kanga: charahani ya kutarizi iingie wapi, sindano ibaki wapi

Wanaoanza kushona mifarishi ya viraka huniuliza sana: ninunue charahani ya kutarizi, ile ya kompyuta, au niendelee na sindano yangu? Mimi hujibu hivi. Kama unashona mifarishi ya kanga ya kujifunika, charahani ya kutarizi si ya kununua mwanzo. Tafuta kwanza charahani ya kawaida inayoshona mstari ulionyooka, mkasi mkali na pasi nzuri. Ninayo ya kutarizi, naipenda, lakini kazi zangu nyingi zinaingia na kutoka bila ya kuigusa.

Sababu ni kitambaa chenyewe. Kanga ni pamba nyepesi. Ukiipiga ua lililojaa uzi, pale penye ua panakuwa pagumu kama ubao na pembeni kitambaa kinajikunja. Kwenye foronya au kitambaa cha meza si neno, kinatazamwa tu. Mfarishi unalaliwa, unaburutwa, unafuliwa kwenye beseni na kukamuliwa. Kanga ikishafuliwa inanywea, uzi wa polista haunywei, na hapo ndipo ua linapofura na kuvuta pembe zote.

Kwa hiyo kanga ifuliwe kabla ya kukatwa, na hili sina mjadala nalo. Iroweke, ifue, ianike, ipige pasi. Ikiwa mpya ina wanga unaoudanganya mkono, unadhani umeshika kitambaa kizito kumbe siyo. Kisutu chekundu, ile kanga ya maharusi, kifue peke yake mpaka maji yatoke safi. Kikikataa kuacha kutoa rangi, kishone na vyeusi na vyekundu wenzake, usikikaribishe kabisa karibu na kiraka cheupe. Halafu ukikata, fuata uzi wa kitambaa, usifuate chapa. Kanga nyingi chapa yake imekwenda upande kidogo, na ukiifuata viraka havitakutana pembe.

Sasa mashine. Fremu, kile kiwambo kinachokishika kitambaa kikitarizwa, kwenye charahani ndogo za nyumbani ni sentimita 10 kwa 10, kubwa kidogo 13 kwa 18. Mfarishi wa kitanda ni mita mbili. Ukijaribu kuutarizi ukiwa umeshaunganishwa, uzito wake unaivuta fremu na ua linatoka limepinda. Tarizi kiraka kimoja kimoja, kikiwa bado peke yake, chini umeweka karatasi ya kukazia, kisha ndipo uunge. Acha nafasi pembeni, walau sentimita moja na nusu, mshono usije ukala ua. Na chagua mchoro wa mistari mitupu usiojazwa ndani: karafuu na vikonyo vyake, kisamaki, jani. Mchoro mwepesi unafuata kitambaa kinapokunjwa.

Msidhani mashine ni ya haraka kama mnavyoambiwa. Mchoro wa mishono 8,000, mashine ikienda mishono 600 kwa dakika, ni zaidi ya dakika 13 za sindano kupiga tu. Viraka 16 ni saa tatu na nusu, hujabadilisha uzi, hujafunga na kufungua fremu, na umeme haujakatika. Ukikatika katikati ya ua, baadhi ya mashine zinakumbuka zilipofikia, nyengine zinakuacha uanze kukisia. Waliokuwepo Unguja wakati wa kile kiza cha Disemba 2009 mpaka Machi 2010 wanajua kwa nini charahani ya mguu haiuzwi nyumbani kwangu. Ya kompyuta iwekee stabilaiza, kile kifaa cha kutuliza umeme, na ifunike kila ukimaliza, hewa yetu ya chumvi haina huruma na chuma. Sindano usiziache wazi mezani, zinakula kutu.

Kazi ya mkono inaanza viraka vikishaungwa. Tandika kitambaa cha chini sakafuni, juu yake kijazo, juu kabisa viraka, kisha piga bandi, ile mishono mirefu ya kushikiza kwa muda, kwa uzi mrefu ukianzia katikati kwenda nje. Katikati, nasema, kwa sababu ukianzia ukingoni hewa na mikunjo yote inakusanyika pahala pamoja na hutaitoa tena. Halafu ndipo mishono yenyewe, midogo, inayopita matabaka yote matatu, mstari usiachane na mwenzake zaidi ya upana wa kiganja. Vaa kastabini. Wanaojifanya mashujaa bila ya kastabini nawaona wanavyoacha matone ya damu kwenye kazi ya watu.

Kijazo watu wanakosea kwa kuiga picha za nchi za baridi. Huku kwetu hata kipupwe hakihitaji pamba nene. Mimi natia kanga kuukuu, moja au mbili, zile zilizokwisha kulainika kwa kufuliwa. Sindano inapita bila ya ugomvi na mfarishi unakauka siku hiyo hiyo hata wakati wa masika jua likitoka kidogo tu. Sufi iacheni kwenye mito. Nyuzi zake ni fupi na zinateleza, ukifua zinajikusanya mabonge, na ukishona kwa mashine vumbi lake linajaa kwenye bobini. Mfarishi wa mtoto mchanga usiutarizi kabisa. Upande wa nyuma wa tarizi unakwaruza ngozi.

Halafu kuna jina la kanga. Ukikata kile kipande chenye maandishi kikatoka kizima, kinapendeza kikiwekwa katikati au ukingoni. Lakini soma! Mfarishi wa bi harusi ukiupambia "Hasidi hana sababu", mama mkwe atasoma neno neno na ataamua mwenyewe kuwa hasidi ni nani. Hapa ndipo charahani ya kutarizi inaponisaidia khasa: mteja anataka majina ya maharusi na tarehe, herufi zote sawa, na anazitaka kesho kutwa. Kiraka kimoja katikati kinatarizwa, kwengine kote ni mkono. Wenye hoteli wakitaka foronya hamsini zenye alama moja, hiyo nayo ni kazi ya mashine, usijitese.

Mgeni akikuuliza kama kimeshonwa kwa mkono, mwambie kipi cha mkono na kipi cha mashine. Hata anayenunua kofia ya viua sokoni Darajani, Unguja, anaigeuza ndani kwanza, na bei ya mkono na ya mashine hazilingani. Mfarishi nao utageuzwa: tarizi ya mashine nyuma inaonesha uzi mweupe wa bobini katikati ya mshono. Kwenye bei, andika saa za mkono mbali na za mashine tangu unapokata, uongeze kanga, uzi na umeme. Mteja akiomba apunguziwe, mwondolee tarizi. Mistari ya mkono inayoshika matabaka usimwondolee, hata akilalamika.