Programu Haiwaki Yenyewe? Uliza Kwanza Nani Anaiwasha

Msomaji mmoja mfugaji wa kuku ameniandikia: "Kaka, programu ya kusoma joto la mashine ya kutotolea vifaranga nikiiwasha kwa mkono inafanya kazi. Umeme ukikatika na kurudi, kimya." Anatumia Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya bodi moja, na fundi ameshamwambia anunue nyingine. Imeniuma, maana na mimi niliwahi kuambiwa hivyo na mtu niliyemlipa, na kifaa kilikuwa kizima kabisa.

Ukiandika amri kwenye terminali (dirisha la kuandikia amri), mwendeshaji ni wewe. Ukiiweka kwenye rc.local, faili la amri zinazoendeshwa kompyuta inapowaka, mwendeshaji ni root, yaani msimamizi mkuu wa mfumo. Huyo anaruhusiwa karibu kila kitu, lakini nyumbani kwake ni /root, hivyo njia ya faili inayoanza na ~ (alama ya "nyumbani kwa anayeendesha") haitampeleka kwako. Tena faili la kumbukumbu ambamo programu inaandika (log) akishalitengeneza yeye, ni mali yake. Kesho ukiendesha programu mwenyewe unakutana na "Permission denied", yaani huna ruhusa.

Hapo wengi hukimbilia chmod 777, amri inayompa kila mtu ruhusa zote za faili. Nimeuchoka ushauri huo, ni sawa na kung'oa mlango kwa sababu umekosea ufunguo. Rudisha umiliki kwa amri ya chown, kisha andika huduma ya systemd (mfumo unaowasha programu kompyuta inapowaka) yenye mstari wa User=, unaotaja nani aiendeshe.

Na jina liwe la mtumiaji aliyepo! Maelekezo mengi ya zamani yana User=pi, ila tangu Aprili 2022 Raspberry Pi OS haiji tena na mtumiaji huyo. Msomaji wangu alinakili hivyo hivyo. Alipoandika systemctl status kuona hali ya huduma, ikamjibu: status=217/USER. Yaani systemd haikumpata mtumiaji aliyetajwa; programu yenyewe haikuguswa hata kidogo.

Akafungua mtumiaji mpya, "kuku". Sasa programu ikawaka, ikakwama kwenye sensa. Akapiga ls -l /dev/ttyUSB0, kuona nani anamiliki mlango wa USB ambako sensa imechomekwa: mmiliki root, kikundi dialout. Mtumiaji "kuku" hakuwa kwenye kikundi hicho. Akaandika sudo usermod -aG dialout kuku ili kumwingiza humo, akaanzisha upya huduma, joto likaanza kusomeka. Hiyo -a msiiache. Bila yake mtumiaji anaondolewa kwenye vikundi vyake vingine.

Vijana wenzangu, tunataka kuuza mifumo kwa wafugaji na wakulima. Basi tujifunze ruhusa kabla ya kupamba dashibodi. Mteja anayepoteza mayai hatajali rangi za grafu zako.

Kama yako bado inagoma, andika journalctl -b -u na jina la huduma kuona kumbukumbu zake tangu kompyuta iwashwe, unitumie mistari ya mwisho pamoja na jibu la amri ya id, inayoonyesha vikundi vyake, kwa mtumiaji anayeendesha huduma hiyo.