Kapona leukemia, kwa nini apimwe moyo?

Mama Neema, umeuliza kwa nini daktari anataka binti yako wa miaka 17 apimwe moyo, ilhali matibabu ya leukemia (saratani ya damu) yalikwisha akiwa darasa la pili. Haina maana kwamba saratani imerudi.

Unaikumbuka ile dawa nyekundu ya dripu, iliyogeuza mkojo rangi ya rozela? Kama alipewa hiyo, huenda ni doksorubisini. Inaua saratani kwelikweli, lakini inaweza kudhoofisha misuli ya moyo, na udhaifu ukajitokeza miaka mingi baadaye. Haya tunayajua kwa sababu wapo watafiti ambao hawakuishia kwenye neno "amepona". Kule Marekani, Les Robison na wenzake walianza mwaka 1994 kufuatilia maelfu ya watu waliougua saratani utotoni wakapona, wakiwalinganisha na ndugu zao. Ripoti ya 2006 iliangalia watu wazima 10,397: takriban 62 katika kila 100 walikuwa na angalau ugonjwa mmoja sugu. Usishtuke, hao walitibiwa kwa njia za miaka ya 1970 na 1980.

Mpeleke. Kipimo chenyewe, eko, ni ultrasaundi ya moyo tu, haiumi. Ila kwanza omba hospitali muhtasari wa matibabu: majina ya dawa, jumla ya dozi, na kama alipigwa mionzi, sehemu gani. Upige picha kwa simu. Faili la mwanangu lilipotea, tukabaki kukisia. Na siku akitaka kubeba mimba, karatasi hiyo aende nayo kliniki.