Sewahaji sio daktari jamani: majibu ya maswali yenu

Tangu nimtaje Sewa Haji Paroo hapa, yule mfanyabiashara wa Kihindi wa Bagamoyo, meseji hazikatiki. Nimechagua chache, na zile za matusi nimeziacha hukohuko.

Ile wodi ya Sewahaji pale Muhimbili, huyo Sewahaji alikuwa daktari bingwa wa nini?

Wa kuuza vitambaa. Hili swali limekuja mara nyingi mno na wengine wanaouliza wamelazwa humohumo. Hakuwa daktari wala hakuna "Profesa Sewahaji", alikuwa tajiri wa misafara aliyetoa hela ikajengwa hospitali Dar kwenye miaka ya 1890, wakati wa Mjerumani. Hospitali hiyo ilikuwa mjini, sio hapo Upanga mnapopajua. Mwaka 1956 Mwingereza akafungua majengo mapya akayaita Princess Margaret, baada ya uhuru ikawa Muhimbili, na jina la mzee likabaki kwenye wodi. Sasa fikiria, aliyetoa pesa kabakishiwa wodi na binti wa kifalme aliyekuja kutembea akapewa hospitali nzima. Hilo ndo mngeliulizia.

Nimesikia alikuja na jahazi akiwa mtoto fukara kutoka India, ni kweli?

Hapana, huyo unamchanganya na Allidina Visram, ambaye ndiye aliyetoka Kutch, huko India, akafika pwani mwaka 1863 akiwa na miaka kama 12, akapata kazi upande wa akina Sewa Haji, na baadaye akafungua maduka mpaka Uganda. Sewa Haji ukoo wao pia ni wa Kutch ila alikuta duka lipo, ukoo ulishaanza biashara Unguja na Bagamoyo, yeye akakabidhiwa akiwa kijana mdogo. Watu mnapenda sana hadithi ya maskini aliyeanza na karanga. Sio kila tajiri alianza na karanga, wengine walianza na duka la baba na hamna dhambi hapo, dhambi ni kudanganya.

Hizo hela za kujenga mashule na mahospitali alizipata wapi hasa? Naomba jibu la kweli sio sifa.

Asante, hili ndo swali. Hela ilitoka kwenye pembe za ndovu na kwenye mabega ya watu. Bagamoyo ilikuwa mwisho wa njia inayotoka Tabora na Ujiji, na ukitaka kwenda bara huendi na noti, unakwenda na vitambaa vya merikani na kaniki, shanga, nyaya za shaba, baruti na bunduki, na vyote hivyo vinabebwa na mtu, kila mpagazi na mzigo wa kilo 30 hivi, miezi kwa miezi. Sasa nani anakupa hiyo mali kwa mkopo, nani anakutafutia wapagazi, nani ananunua pembe ukirudi? Sewa Haji. Yaani anakula unapoondoka na anakula unaporudi.

Stanley, yule msafiri Mzungu, mwaka 1871 alipokuwa Bagamoyo akijiandaa kwenda kumtafuta Livingstone, aliandika kwa hasira kuhusu kijana wa Kihindi wa miaka 20 aliyekuwa anamtafutia wapagazi, jina kaliandika hovyohovyo kwa masikio ya kizungu lakini ni huyuhuyu. Malalamiko yake ni ya hesabu, kwamba anatozwa vitambaa vingi kwa kila mpagazi na mpagazi mwenyewe anapewa pungufu. Stanley naye hakuwa malaika, msimchukulie kama shahidi wa mahakamani, ila mtu yeyote aliyewahi kuwa dalali anajua hiyo hesabu inavyochezwa.

Kuna wanaoniuliza kuhusu utumwa. Pembe na watumwa vilipita njia moja, na bunduki zilizouzwa pwani zilifanya kazi huko bara mnayoijua. Ila wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa watu huru wanaopatana ujira, na walikuwa wanagoma na kutoroka wakidhulumiwa, kwa hiyo msiwafanye wote watumwa ili muweze kumlaani mtu mmoja kirahisi. Na upande wa pili, nyie mnaomwita mtakatifu, wodi haifuti wapagazi waliofia njiani. Vyote viwili ni vyake.

Je ndo yeye aliyejenga ile Old Dispensary ya Zanzibar, forodhani?

Hapana, ni Tharia Topan, tajiri mwingine wa Kihindi. Mara ya mwisho kujibu hili.

Ile shule aliyojenga Bagamoyo, kweli ilikuwa ya watu wa rangi zote? Mjerumani alikubali vipi?

Alikubali kwa sababu jengo alipewa bure na lilikuja na masharti. Hapa ndo nampa mzee heshima yake yote. Alijenga jengo la ghorofa, akamkabidhi serikali ya Mjerumani, sharti watoto wasibaguliwe kwa rangi wala dini. Waafrika, Wahindi, Waarabu, wote ndani. Jengo bado lipo, ndo shule ya msingi Mwambao, ukipita mji mkongwe wa Bagamoyo huwezi kulikosa.

Mjerumani hakukubali kwa upendo, msidanganyike, alikuwa anahitaji makarani na watu wa kumkusanyia kodi, ndo maana alitaka shule zisizo na dini na wamisionari wakanung'unika. Lakini hebu linganisha na hospitali: Dar es Salaam ileile, mwaka 1897 ikafunguliwa Ocean Road kwa ajili ya Wazungu, na Waafrika na Wahindi wakaenda ile ya Sewa Haji. Kwa hiyo ubaguzi ulikuwepo tu, sharti la mtu mmoja haliwezi kuzuia serikali nzima, ila angalau kwenye jengo lake alisema neno lake kabla ya kutoa funguo.

Sasa wahisani wetu wa leo. Anakuja na bango, madawati kumi, kamera tatu, watoto wamesimamishwa juani toka asubuhi wanaimba. Muulize hati iko wapi, nani atakarabati dawati likivunjika, nani ameruhusiwa kukalia. Hajui, ameshaondoka. Ukipokea msaada wa jengo bila maandishi, usije ukalia kwangu siku wanapogeuza darasa kuwa stoo ya mtu.

Alikuwa Mhindu au Muislamu? Na mbona alishirikiana na mapadre?

Muislamu, Khoja wa dhehebu la Ismailia. Mapadre wa Roho Mtakatifu walikuwa Bagamoyo tangu 1868 na ndo waliokuwa wanauguza watu, ulitaka ashirikiane na nani? Hata kwenye usia aliwakumbuka wagonjwa, wenye ukoma wakiwemo, watu ambao hakuna mfanyabiashara alitegemea faida kwao. Alifariki Februari 1897 akiwa na miaka 46 tu.

Kuna mtu anasema ana hati ya kiwanja cha Sewa Haji Bagamoyo na anauza kwa bei poa. Ninunue?

Kimbia.

Mimi ni mwanafunzi wa chuo, naomba unisaidie kuandika kurasa kumi kuhusu Sewa Haji, deadline ni Ijumaa.

Siandiki kazi za watu. Na usije ukakopi hapa ukabadilisha maneno mawili matatu, nakuona. Nenda Nyaraka za Taifa pale Upanga, mafaili ya wakati wa Mjerumani yapo, ila yameandikwa kwa ule mwandiko wa Kijerumani wa zamani ambao hata Wajerumani wa leo wengi unawashinda, kwa hiyo tafuta kwanza mtu wa kukusomea alafu ndo upande daladala. Na Ijumaa haitoshi, kaombe muda.