Muuguzi uliyehamia kituo bora, chunga mazoea ya mikono yako

Ukihama kutoka wodi ya vifaa vya kuungaunga kwenda kituo chenye pampu, monita na rekodi za kompyuta, hofu yako ya kwanza itakuwa mashine usizozijua. Hizo si tatizo kubwa: utaziogopa, na ukiogopa utauliza. Kinachomponza muuguzi mgeni ni vitu anavyovifanya bila kufikiri, kwa sababu amevifanya mara elfu kule alikotoka.

Chukua dripu. Kama ulizoea mpira wa matone 20 kwa mililita, unajua kwa kichwa kwamba lita moja kwa saa 8 ni matone 42 kwa dakika. Hesabu ni mililita mara matone ya mpira, gawanya kwa dakika: 1,000 × 20 ÷ 480. Sasa umepewa mpira wa matone 15. Ukihesabu 42 zako zilezile, lita itakwisha kwa takriban saa 6, na mzee mwenye moyo dhaifu atajaa maji kifuani. Ukipewa ule wa matone 60, lita hiyohiyo itakwenda karibu siku nzima. Namba ya matone imechapwa kwenye pakiti, kwa hiyo isome kabla hujaitupa.

Pampu nayo haijui matone. Inataka mililita kwa saa, yaani 125 kwa mfano wetu. Anayeingiza 42 kwa mazoea amempa mgonjwa theluthi moja tu ya maji aliyoandikiwa, na pampu haitalia, kwa kuwa imetii ilichoambiwa. Na kabla ya kuchomoa mpira kwenye pampu, funga kibanio. Mpira ukitoka ukiwa wazi, dawa inaweza kumiminika yote.

Pampu ikilia kwamba njia imeziba, usikimbilie kitufe cha kuinyamazisha. Anza kwenye kanula, ule mrija mwembamba ulioingia mshipani: pamevimba? Mgonjwa amekunja kiwiko au ameulalia mpira? Kisha panda juu hadi kwenye kibanio, ambacho mara nyingi ndicho kilichosahauliwa. Kuna jambo watu hawaambiwi: pampu inapopambana na kizuizi, presha hujikusanya ndani ya mpira, na ukifungua ghafla kiasi kilichobanwa huingia kwa mpigo mmoja. Kwa maji ya chumvi si neno. Kwa dawa ya kupandisha presha ya damu ni hatari, kwa hiyo toa kwanza presha iliyo ndani ya mpira kwa namna uliyofundishwa kwa pampu ile.

Angalia pia kipimo cha sukari kinasoma kwa lugha gani. Vingine husoma milimoli kwa lita, vingine miligramu kwa desilita, na tofauti ni mara 18: 5.5 na 99 ni sukari ileile. Ukimpigia daktari usiku ukasema “sukari ni 20” bila kutaja kizio, mmoja atasikia sukari iliyopanda sana, mwingine atasikia mtu anayekata roho.

Kwenye dawa, soma ampuli, yaani kichupa cha dawa ya sindano, kana kwamba hujawahi kuiona. Adrenalini huja ya mililita 1 yenye miligramu 1, na ya mililita 10 yenye miligramu 1 ileile. Mtu mzima aliyepatwa na mzio mkali huchomwa nusu miligramu kwenye msuli wa paja, yaani nusu mililita ya ile ndogo. Ukivuta nusu mililita ya ile kubwa, umempa moja ya kumi ya nusu hiyo, kisha utakaa ukishangaa kwa nini presha haipandi. Insulini nyingi ina yuniti 100 kwa mililita, kwa hiyo yuniti 10 ni mililita 0.1 tu. Ivute kwa bomba la insulini peke yake. Kloridi ya potasiamu iliyokolea haisukumwi mshipani kamwe, maana husimamisha moyo. Vituo makini haviiweki kwenye kabati la wodi, basi usiombe isogezwe karibu.

Siku ya kwanza, kabla ya chai, omba kufungua toroli ya dharura ukiwa na mwenyeji. Gusa kila droo. Washa mashine ya kufyonza makohozi uone kama inavuta, fungua mtungi wa oksijeni usome geji, uliza namba ya simu ya dharura ya humo ndani na uiandike.

Mgonjwa usimtambue kwa kitanda. Muulize “jina lako nani?”, si “wewe ndiye Asha?”, kwa sababu aliye nusu usingizi ataitikia lolote. Kisha linganisha tarehe ya kuzaliwa au namba ya faili.

Kompyuta haina mengi: usiandike kwa nywila ya mwenzako hata akikuruhusu, na andika muda uliotoa dawa, si muda uliopata nafasi ya kukaa.

Ukijichoma sindano iliyotumika, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka, usikamue, na ripoti palepale. Dawa za kinga dhidi ya VVU huanzwa mapema iwezekanavyo, isizidi saa 72, na humezwa siku 28. Wageni wengi huficha wakiogopa kuonekana wazembe, na saa zinakwenda.

Kuhusu “kule kwetu tulikuwa tunafanya hivi”: iweke akiba miezi michache. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na wenyeji wataiona.

Mwishoni mwa wiki utaletewa fomu ya kuthibitisha ujuzi, na msimamizi mwenye haraka atakuambia utie saini yote kwa mkupuo. Mstari wa pampu usaini siku utakapoifunga, kuiwasha na kuizima mbele ya anayekufundisha. Kabla ya hapo uache wazi.