Makro inabakiza sifuri, na inafuta wasio na sifuri

SWALI: Mimi ni mhasibu wa SACCOS. Nina wanachama 900 hivi kwenye Excel, salio liko safu ya D. Niliandika makro (programu ndogo ya ndani ya Excel) ya kuwaondoa wenye salio sifuri:

For i = 2 To 900
If Cells(i, 4).Value = 0 Then
Rows(i).Delete
End If
Next i

Mwanzoni iligoma ikisema "Type mismatch", yaani aina za data hazilingani. Fundi mmoja kwenye kundi letu la WhatsApp akaniambia niweke On Error Resume Next juu kabisa, ikatulia. Ila sasa lazima nibonyeze mara tatu ndipo sifuri zote ziishe. Je, kompyuta yangu imechoka?

JIBU: Ndugu mhasibu, kompyuta yako ni nzima. Hilo la kubonyeza mara tatu ndilo jepesi, tulimalize kwanza. Kigeu i hakimshiki mwanachama, kinashika namba tu. Tuseme mistari ya 7 hadi 10 yote ni sifuri. Ukifuta wa 7, wa 8 unapanda kukaa mahali pake, halafu lupu inakwenda kuangalia wa 8. Aliyepanda amepona. Mzunguko wa kwanza unabakiza wawili kati ya wale wanne, wa pili unabakiza mmoja, wa tatu ndio unammaliza. Anzia chini: For i = 900 To 2 Step -1. Ukifuta huku chini, walio juu hawahami.

Sasa huyo fundi wako. Kila wiki naletewa faili lenye mstari wa On Error Resume Next juu kabisa, na kila mwenye faili anaamini kwamba "unaondoa makosa". Hauondoi kosa lolote. Unaiambia VBA, lugha ya makro za Excel: amri ikishindikana, nyamaza, nenda amri inayofuata. Haya, soma msimbo wako mwenyewe. Huenda makro iligoma kwa sababu kwenye safu ya D kuna seli yenye #N/A (alama ya Excel ya "haikupatikana"), pengine fomula ya kutafuta, VLOOKUP, imekosa namba ya mwanachama, na #N/A hailinganishwi na sifuri. Amri iliyoshindikana ni If. Inayofuata ni ipi? Rows(i).Delete.

Yaani yule ambaye salio lake halikupatikana anafutwa, hata kama ana milioni tatu. Makro ilipogoma ilikuwa inakulinda, fundi akaiziba mdomo.

Kuna na la seli tupu: kwa VBA, tupu ikilinganishwa na 0 jibu ni kweli. Mwanachama ambaye salio lake hukuwahi kulijaza naye ameondoka, na hapo hapakuhitajika hata kosa. Kwa hiyo kabla ya kulinganisha, uliza kwanza If Not IsError(Cells(i, 4).Value) Then, ndani yake If Not IsEmpty(Cells(i, 4).Value) Then, na ndani ya hiyo ndipo uweke sharti lako la sifuri. Usiziunge kwa And kwenye mstari mmoja, maana VBA hupima pande zote hata wa kwanza ukikataa, na Type mismatch itakurudia palepale.

Wanaogawa makro kwenye makundi wanapenda mstari ule kwa sababu mteja haoni tena kisanduku cha kosa, anashukuru na kulipa. Makro ya kusoma ikikosea, unairudia. Ya kufuta ni jambo jingine: Ctrl+Z hairudishi kilichofutwa na makro, na ukishahifadhi faili umefunga mlango. Mtu akikupa msimbo wenye Delete na On Error Resume Next pamoja, mwulize amri inayofuata ni ipi. Akibabaika, usiuendeshe.

Wewe tafuta nakala ya faili ya kabla ya siku uliyoweka mstari ule. Panga namba za wanachama za faili zote mbili, zilinganishe, na kila aliyekosekana kwenye faili la sasa mtazame salio lake kwenye leja, mmoja mmoja.