Muulize Fundi: WRX imefika kilomita 243,000, niweke mashine ya STI?

Fundi habari za kazi. Nipo Dar, Tabata, nina Subaru Impreza WRX ya 2003 manyuo, injini ni EJ205 ile ile iliyokuja nayo toka Japani, kilomita sasa hivi 243,000. Imeanza kula oili, kama lita moja kwa wiki tatu, na asubuhi nikiwasha kuna mlio chini kama mtu anagonga sufuria kwa kijiko, ikipata moto unapungua ila haupotei kabisa. Fundi wangu anasema Subaru ndo zilivyo. Mwingine kasema nisihangaike kufungua, nitafute EJ207 ya STI (ile WRX yenye nguvu zaidi) au ile injini ya lita 2.5 nichomeke, eti zinaingia bila kukata hata waya. Hela ninayo ya kufanya kitu kimoja tu. Nifanyeje?
Kijana wa Tabata

Jibu: Mdogo wangu, kwanza hiyo gari isimame. Usiende nayo hata kwa shemeji Kimara.

Huo mlio una sura mbili. Pistoni za hizi injini za Subaru za ukoo wa EJ zikichakaa zinagonga ukuta wa silinda injini ikiwa ya baridi, ikipata moto pistoni inatanuka na kelele inaisha, hiyo unaweza kuishi nayo hata miaka. Sura ya pili ni beringi ya konrodi, kile chuma kinachounganisha pistoni na krenki, hii ikipata moto oili inakuwa nyepesi na kelele inazidi hasa ukikanyaga mafuta. Wewe yako inapungua ila haiishi, yani ipo katikati, na kwa kusikiliza tu hakuna fundi wa kukuambia kwa uhakika, mimi mwenyewe nishawahi kukosea.

Sasa fanya hivi. Mwaga oili, toa filta, halafu ifungue ile filta kwa mkasi wa bati, sio msumeno maana msumeno wenyewe unaacha vumbi la chuma. Kata ile karatasi ya ndani, ikamue, itandaze kwenye kitambaa cheupe nje juani. Ukiona vinang'aa vya rangi ya shaba au fedha, vidogo kama ule unga wa kumetameta wanaojipaka mabibi harusi machoni, hiyo ni beringi inaondoka. Usidanganyike na sumaku, beringi nyingi hazishikwi na sumaku, kuna jamaa alipitisha sumaku haikuokota kitu akashangilia, wiki hiyo hiyo konrodi ikatoboa bloku.

Filta ikiwa safi, weka filta na oili mpya ndo upime kompresheni, injini iwe ya moto, plagi zote nne nje, betri imejaa. Silinda zikipishana zaidi ya asilimia 10 au 15 una tatizo la ringi au valvu. Zikilingana, angalia turbo kabla hujalaumu injini, maana sili ya turbo ikichoka nayo inakunywa oili vizuri tu.

Hapo ndo tuje kwenye swali lako la STI, na nitakusimulia kilichonikuta. Miaka ya nyuma nilikuwa na WRX kama yako, ikanoki, nikanunua injini ya ex-Japan nzuri kabisa, nikafunga kwa siku mbili nikajiona bingwa. Nilihamisha kila kitu toka injini iliyokufa: turbo, mabomba, na ile oili kula (oil cooler, kipoza oili) inayokaa juu ya filta. Kuiosha? Nilipuliza upepo basi. Wiki ya tatu natoka Dar kwenda Morogoro, napita Mikese, taa ya oili ikawaka, nikasikia ule ule mlio wa kwanza. Chuma cha injini ya zamani kilikuwa kimejificha kwenye oili kula kinasubiri mgeni. Nililala hapo hapo kwenye gari mpaka likaja fuso la kunivuta.

Kwahiyo kabla hujauliza uweke injini gani, uliza hii iliyopo inakufa kwa nini, la sivyo hata EJ207 itakufa kwa ugonjwa ule ule ila kwa bei kubwa zaidi. Kama ni beringi, oili kula unanunua mpya, haioshwi. Turbo inafunguliwa. Bolti ya bomba la oili linalokwenda kwenye turbo inatolewa, injini nyingi zenye AVCS (mfumo wa kubadilisha taimingi ya valvu) ndani yake mna kichujio kidogo sana, kikiziba turbo inakauka. Na ukishusha sampu (lile sinia la oili chini ya injini) tazama lile bomba la kunyonya oili, yanajulikana kwa kupasuka, likipasuka pampu inavuta hewa.

Haya, STI. Kwa gari ya Japani WRX yako ilitoka na farasi 250, STI 280. Unabadilisha kila kitu kwa farasi 30. Kushika kwenye mahenga (zile maunti za injini) inashika kweli, ila hiyo ya "bila kukata waya" ni maneno ya kijiweni. Itataka kontroli boksi yake (kompyuta ya injini) na wayaringi ilingane, vinginevyo utafukuza taa ya cheki injini mpaka uzeeke. Na giaboksi yako ni ya gia tano, ile inavunja meno hata kwa nguvu ya kawaida ukiwa mtu wa kuachia klachi kwa hasira, STI wenyewe walipewa ya gia sita. Bado breki. Umesema hela ni ya kitu kimoja, kaka hivyo ni vitu vinne.

Ile ya 2.5 ndo kabisa sikushauri. Ina mvuto chini, sikatai, lakini pistoni zake zinajulikana kwa kumeguka pale zinapokaa ringi, hasa ikipimiwa mafuta vibaya au petroli ikiwa ya oktani ndogo, na ya kwetu usiilinganishe na ile waliyokuwa wanaipigia hesabu Japani.

Mimi ningetafuta EJ205 nyingine. Au kama krenki yako haijakwaruzwa, fungua hiyo hiyo uweke ringi na beringi mpya. Krenki ikishakula mikwaruzo mi siisagi tena, natafuta nyingine, nimeona nyingi zilizosagwa zinarudi gereji. Hizi EJ20, yani EJ za lita mbili kama yako, sio mashine mbovu, zilianza na Legacy ya 1989 zikafika mpaka 2019, ndizo zilizompa Colin McRae Safari Rally 1997 na Richard Burns 2000. Ila wale walikuwa na jeshi la mafundi, wewe una mimi na huyo wa Tabata.

Ukienda maduka ya spea ya Gerezani kununua injini usiangalie rangi, zote wanazipiga dizeli zinang'aa. Fungua mfuniko wa oili uweke kidole, ukitoka na tope jeusi achana nayo. Zungusha krenki kwa spana mizunguko miwili kamili. Omba ashushe sampu, akikataa nenda duka la jirani. Na injini ikiwa bado ipo chini weka kabisa taimingi belti, roli zake na pampu ya maji, maana belti ikikatika valvu zinakutana na pistoni. Risiti iwe na namba ya injini, upeleke TRA kadi ibadilishwe, na bima uwaambie, usisubiri trafiki akusomee namba mbili tofauti.

Fundi salaam. Nimeweka injini ya ex-Japan kwenye Forester yangu turbo, fundi kaniambia nisipite 80 mpaka kilomita 1,000. Ni lazima?
Mama Swaleh, Mombasa

Jibu: Dada, hiyo injini ilishafunguliwa mwendo Japani zamani sana, hakuna cha kulea. Sheria hiyo ni ya injini iliyowekwa ringi mpya, na hata hiyo hailelewi kwa 80 moja toka Mombasa mpaka Voi, inatakiwa mwendo upande ushuke ringi zikae. Wewe badilisha oili mapema, kilomita 500 inatosha, na uikate hiyo filta uangalie. Na logbook (kadi ya gari) kule NTSA ya Kenya ulishabadilisha?

Mark X yangu ni ya 2.5, nataka kuweka injini ya 3.5. Inawezekana?
Mdau, Mwanza

Jibu: Inawezekana. Uza hiyo ununue Mark X ya 3.5.